Ndege Nyepesi za Mashambulizi: Ipi Inastahili Fedha Zetu?

Mwaka 2005 Colombia iliagiza ndege 25 za pangaboi kutoka Brazil kwa takriban dola milioni 234, yaani kama milioni 9.4 kwa ndege moja. Jamhuri ya Dominika ikachukua nane kwa milioni 93. Piga hesabu, ni milioni 11.6 kila moja. Mwaka 2013 Marekani iliinunulia Afghanistan 20 kwa milioni 427, zaidi ya milioni 21 kila moja. Nigeria nayo, kwa ndege zake 12, ilitoa milioni 496 mwaka 2018. Hapo kila ndege imepita milioni 41.

Ndege ni ileile. Mabawa yaleyale, injini ileile, rashasha mbili zilezile ndani ya mabawa. Miaka 13 ya mfumuko wa bei haizidishi bei mara nne. Tofauti imo kwenye vitu vinavyofungwa pamoja na ndege: mafunzo, vipuri, mabomu, majengo, mafundi wa kukodi, na ada ya kuusimamia mkataba wenyewe. Vingi kati ya hivyo ni vya lazima, na asiyevilipia mwanzoni atavilipia mbele ya safari.

Hesabu hizi ni kwa ajili ya nchi yenye mpaka mrefu, fedha kidogo na haraka kubwa. Huku kwetu bajeti husomwa Juni, na fungu la ulinzi hupitishwa mbio kwa jina la siri. Mbunge wa kamati ya ulinzi, na mpiga kura anayemtuma, wanatakiwa kujua la kuuliza kabla ya siku hiyo. Mnunuzi ni wewe, hata kama saini ni ya mtu mwingine.

Kwanza, kazi yenyewe

Ndege nyepesi ya mashambulizi kwa kawaida ilianza kama ndege ya kufundishia marubani au ya kazi ya kiraia, kisha ikapachikwa silaha, kamera na sahani za kuzuia risasi. Kuna kazi moja inayoiweza sana: kukaa angani saa nyingi juu ya kikundi chenye silaha kisicho na makombora ya kutungua ndege, kukiona, kukifuata, kukipiga. Iko taratibu, na faida yake ndiyo hiyo. Rubani anapata muda wa kutazama aliye chini ni nani.

Congo iliiona kazi hiyo zamani. Mwaka 1964 waasi wa Simba walipouteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, serikali ya Congo ilitumia T-28, ndege ya Marekani ya kufundishia iliyowekewa bunduki na roketi, ikirushwa na marubani Wakuba waliokimbia utawala wa Castro. Zilifanya kazi kwa sababu Simba hawakuwa na ulinzi wa anga wa maana. Lakini angalia bili ilikolipwa: ndege, marubani na mafundi vyote vilitoka nje, na mlipaji alikuwa CIA. Bila mlipaji huyo, ndege zile zingekaa chini.

Miaka mitano baadaye, Biafra, eneo lililojitenga na Nigeria, ilifanya hivyo kwa ufukara zaidi. Wasomaji wa Tanzania wanaikumbuka Biafra kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitambua, Aprili 1968. Mei 1969 Msweden Carl Gustaf von Rosen, aliyewahi kuliongoza Jeshi la Anga la Ethiopia chini ya Haile Selassie, aliongoza ndege tano ndogo za michezo zenye injini ya nguvu za farasi 100 tu, kila moja ikiwa na roketi chini ya mabawa. Tarehe 22 walipita chini kabisa, usawa wa miti, wakaupiga uwanja wa Port Harcourt, na siku zilizofuata viwanja vya miji ya Benin na Enugu. Ndege za kivita za Nigeria ziliharibiwa zikiwa zimeegeshwa. Kwa kila pauni iliyotumika, sijui shambulio la anga lililoleta zaidi. Hata hivyo Biafra ilisalimu amri Januari 1970. Ndege ya bei ndogo ilivipata vilivyokuwa wazi tu, basi.

Na pale ambapo adui ana ulinzi wa anga, usinunue kabisa. Mwaka 1982, katika vita vyake na Uingereza, Argentina ilipeleka visiwa vya Falklands ndege 24 za Pucará, zenye injini mbili za pangaboi, zilizoundwa mahsusi kupiga waasi. Usiku wa kuamkia Mei 15 makomando wa Uingereza waliingia kisiwa cha Pebble wakaharibu sita zikiwa chini, pamoja na ndege nyingine tano. Pucará zilizobaki ama zilitunguliwa, ama ziliharibiwa, ama zilitekwa. Hakuna hata moja iliyorudi nyumbani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa waziri ni hili: hao tunaokwenda kuwapiga wana kombora la begani? Kama jibu ni ndiyo, au kama analizungukazunguka swali, weka fedha mfukoni.

Chaguo la kwanza: ndege ya Brazil

Ndege yenye historia ndefu ya mapigano ni hii. Mama yake, ya kufundishia, iliruka mara ya kwanza mwaka 1980. Kenya inaujua ukoo huo: ilinunua 12 za toleo lililoundwa Belfast miaka ya kuelekea 1990. Mwaka 1995 jeshi la anga la Brazil liliagiza toleo zito zaidi la kulinda anga na misitu ya Amazon, ambako ndege ndogo za magendo ya dawa za kulevya zilikuwa zikipita zitakavyo. Hilo liliruka 1999. Brazil yenyewe ilichukua 99, na hilo ni jambo kubwa kwa mnunuzi mdogo: mwenye kiwanda anapotumia ndege yake kwa wingi, vipuri havikatiki kesho.

Unapata injini moja ya nguvu za farasi 1,600, rashasha mbili za milimita 12.7, sehemu tano za kutundika mabomu, roketi au matangi ya mafuta, na mzigo wa nje wa kama kilo 1,500. Unapata pia kiti kinachomrusha rubani nje ndege ikiharibika. Kitu hicho si anasa. Rubani aliyefunzwa kwa miaka ni mali ambayo huwezi kuiagiza upya kwa simu.

Colombia ilizitumia sana dhidi ya waasi wa FARC. Zimetumika pia Afghanistan, kuanzia Aprili 2016 hadi 2021, na Mali, Burkina Faso na Nigeria, hivyo hununui kitu cha majaribio.

Kasoro yake ni bei ya kifurushi na idadi. Mali ilipokea nne Julai 2018. Aprili 2020 moja ilianguka karibu na Sévaré na watu wawili waliokuwa ndani wakafa. Siku moja, robo ya kikosi. Kanuni ya karakana ni kwamba katika ndege tatu, moja iko kwenye matengenezo, moja inafundishia, moja iko tayari. Ukinunua nne unapata moja na ushee ya kupigania. Chini ya sita usianze, na kama fedha hazitoshi sita, hamia kwenye chaguo rahisi zaidi badala ya kununua chache za kuonyesha siku ya gwaride.

Chaguo la pili: ya shambani

Texas kuna kiwanda kinachounda ndege kubwa ya kunyunyizia dawa mashambani, yenye tangi la lita 3,000 hivi. Ndege inayoinua mzigo huo wa maji itainua mabomu na mafuta ya kutwa nzima. Ilianza kuvishwa sahani za kuzuia risasi ilipopelekwa Colombia kunyunyizia mashamba ya koka, kwa kuwa wenye mashamba walikuwa wakiipiga risasi. Baadaye Falme za Kiarabu zikaichukua ikiwa na silaha kamili, na ikaonekana Yemen na Libya.

Ni ngumu, inatua kwenye vumbi, fundi wa kawaida anaielewa. Lakini haina kiti cha kumrusha rubani. Ina gurudumu la mkiani, kwa hiyo marubani waliozoea gurudumu la mbele lazima wafundishwe upya kutua, vinginevyo mtalipia mabawa na mapangaboi kabla ya vita kuanza. Na haina haraka: kilomita 300 na kitu kwa saa. Kambi ikivamiwa kilomita 400 kutoka uwanjani, itafika watu wameshazikwa.

Hii ndiyo ndege iliyoivuruga Kenya. Januari 2017 serikali ya Marekani iliidhinisha uwezekano wa kuiuzia Kenya hadi 12 za aina hii na mbili ndogo za mafunzo, pamoja na silaha na huduma, kwa makadirio ya dola milioni 418. Gawanya kwa 12: karibu milioni 35 kwa ndege ambayo mzizi wake ni ya shambani. Ted Budd, mbunge wa North Carolina, akataka uchunguzi, akisema kampuni ya jimboni kwake, ambayo tayari ilikuwa imeunda ndege kama hizo, ingeweza kuifanya kazi hiyo kwa takriban milioni 281. Kumbuka alikuwa akimtetea mpiga kura wake. Kumbuka pia kwamba kiasi kinachotangazwa kwenye idhini kama hizo ni kikomo cha juu, na bei ya mwisho huweza kushuka. Lakini pengo la milioni 137 halifungwi kwa maelezo hayo. Ununuzi haukukamilika, na kwa maoni yangu Kenya ilipona.

Wamarekani wenyewe waliichagua kwa vikosi vyao maalumu Agosti 2022, wakipanga kununua hadi 75 kwa kikomo cha dola bilioni 3. Desemba 2023 wakaguzi wa bunge lao walisema idadi hiyo haikuwa na hesabu ya kutosha nyuma yake, na baadaye ikapunguzwa hadi 62. Ikiwa mnunuzi mwenye wachumi na maghala ya takwimu anaweza kukadiria kupita kiasi, wizara yetu nayo ifungue daftari lake.

Chaguo la tatu: ile inayobeba watalii

Nenda uwanja wa ndege wa Wilson, wa Arusha au wa Zanzibar asubuhi yoyote, utaiona: ndege ya injini moja, mabawa juu, abiria 12 hivi, ikienda Serengeti au Mara. Ndege hiyohiyo huuzwa ikiwa na kamera chini ya tumbo, skrini ya mtazamaji ndani, na kombora moja chini ya kila bawa. Iraq ilianza kuitumia hivyo, ikafuata Lebanon.

Uzuri wake mkubwa uko karakanani. Sogea karibu na fundi anapoihudumia. Anafungua kifuniko cha pua, anaingiza maji safi kwenye mlango wa hewa wa injini na kuizungusha bila kuiwasha, ili kuosha chumvi ya upepo wa bahari inayokula mapanga madogo ya ndani. Kwenye chumba cha rubani kuna wenzo unaobadili njia ya hewa ili mchanga na kokoto zipite pembeni zisiingie kwenye injini. Anajua ukaguzi wa sehemu ya moto unafanyika baada ya saa ngapi na kipuri kipi huchelewa. Ujuzi huo tayari upo Nairobi, Arusha na Dar es Salaam, unalipwa kwa shilingi, wala hausubiri viza ya mtu.

Injini za ndege zote tatu nilizozitaja zinatoka kwenye ukoo mmoja wa Kanada. Si kwamba vipuri vyote vinaingiliana, la. Lakini fundi aliyekulia kwenye injini moja hufundishwa nyingine kwa wiki, si kwa miaka.

Kasoro ni wazi. Haina rashasha wala kiti cha kumrusha rubani, hubeba makombora mawili tu, na ni kubwa na ya polepole, hivyo lazima ikae juu mbali na risasi. Ni jicho lenye ngumi ndogo. Kwa nchi ambayo tatizo lake kubwa ni kutojua adui yuko wapi, hii ndiyo naipa nafasi ya kwanza kwa thamani ya fedha. Siku ikiwa haina kazi ya vita, inabeba mgonjwa au inatafuta mtumbwi uliopotea.

Droni, jeti, helikopta

Droni za Kituruki zinatajwa kila kona kwa bei ya dola milioni tano hivi. Poland ilinunua 24 mwaka 2021, na mkataba wote ukafika milioni 270, zaidi ya milioni 11 kwa kila moja. Ziada ni vituo vya kuongozea, rada, mafunzo na huduma. Uliza bei ya seti nzima, usiulize bei ya droni.

Kwa kutazama, zinazishinda ndege zote hapo juu: moja iliwahi kukaa angani saa 27 Kuwait. Hakuna rubani wa kufa. Lakini mzigo wake ni kama kilo 150, mabomu madogo manne ya kilo 22 hivi. Ni za polepole kuliko hata ndege ya shambani, na kwa mawasiliano ya kawaida ya redio haziendi mbali sana na kituo chake. Kuziongoza kwa setilaiti ni malipo mengine. Kama una fedha za kitu kimoja tu na adui hana makombora, linganisha seti ya droni na ndege nne za abiria zenye kamera, kisha uone ipi ina fundi wake nchini.

Jeti mpya, hapana. Uganda ililipa karibu dola milioni 740 mwaka 2011 kwa jeti sita za Urusi na silaha zake, fedha zikatoka Benki Kuu kabla Bunge halijaidhinisha. Ni zaidi ya milioni 120 kwa jeti. Kwa milioni 740 hizo ungepata kikosi kizima cha ndege za Brazil hata kwa bei ya Nigeria, na ukabaki na fedha za mafuta ya miaka. Gharama ya saa moja ya jeti ya kivita aina ya F-16 imekuwa ikikadiriwa kuzidi dola 20,000. Ya pangaboi ya Brazil hutangazwa kuwa kama 1,000. Usiimeze hiyo 1,000 nzimanzima, kwa kuwa matangazo aghalabu huhesabu mafuta na matengenezo ya kawaida tu, si mishahara wala silaha. Hata ukiizidisha mara tatu, pengo linabaki kubwa.

Jeti zilizotumika, kama zile F-5 ambazo Kenya ilizichukua Jordan, huvutia kwa bei ya kuanzia. Faida ipo kwa anayezijua tayari, na Kenya ilikuwa na F-5 tangu zamani na ikazitumia Somalia mwaka 2011. Kwa anayeanza upya, kila kipuri kitatafutwa kwa tochi.

Helikopta ya mashambulizi inatua popote na inaokoa askari, hilo hakuna ndege inayoliweza. Lakini hula mafuta na vipuri, masafa yake ni mafupi, na mwinuko huisumbua. Agosti 2012 Uganda ilipoteza helikopta tatu za mashambulizi kwenye Mlima Kenya zikiwa njiani kwenda Somalia, kabla hazijapiga hata risasi moja. Watu saba walikufa.

Kukodi je? Msumbiji ilijaribu. Kuanzia Aprili 2020 kampuni ya Afrika Kusini ilileta helikopta nyepesi na ndege ndogo kupigana na waasi wa mkoa wa Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto Ruvuma. Zilifika upesi kuliko ununuzi wowote, na vita vya mji wa Palma vilipozuka Machi 2021 ziliwaokoa watu. Lakini mwezi huohuo Amnesty International ilitoa ripoti ikiishutumu kampuni kwa kuwapiga raia bila kuwatofautisha na wapiganaji. Kampuni ikasema itachunguza. Mkataba ulipoisha Aprili 2021, kampuni iliondoka. Kodi ni dawa ya miezi michache tu, na lazima mkataba useme nani anawajibika bomu likikosea.

Bili zisizoandikwa kwenye bango

Silaha. Vyombo vya habari vya Marekani viliripoti mwaka 2013 kwamba kilichowabadilishia Wacolombia mchezo dhidi ya viongozi wa FARC ni kifaa cha kuongoza bomu kwa setilaiti, cha kama dola 30,000, kilichofungwa kwenye bomu la kawaida na kudondoshwa na jeti ndogo za zamani za A-37. Fedha nzuri zilikuwa kwenye kifaa na kwenye habari za kijasusi, si kwenye ndege. Kombora la kuongozwa la aina inayotundikwa kwenye ile ndege ya abiria hupita dola 100,000. Ukirusha mawili, umetumia zaidi ya gharama ya kuruka kwa miezi. Kamati ikikubali ndege bila fungu la silaha la miaka mitano, imenunua ndege za maonyesho.

Majengo. Kwa ajili ya ndege za Nigeria, uwanja wa Kainji ulihitaji ujenzi wa takriban dola milioni 36: vivuli vya ndege, taa, ghala la mabomu, uzio. Kama uwanja wenu hauna ghala salama la mabomu, ongeza hilo leo, kwa sababu ghala la mabomu karibu na makazi ni hatari kuliko adui mwenyewe.

Mafundi. Afghanistan ilipewa ndege nzuri, na marubani wake walifunzwa Georgia, Marekani. Matengenezo makubwa yakabaki mikononi mwa makampuni ya kigeni. Makampuni hayo yalipoondoka mwaka 2021, ndege zilianza kukwama chini, na mwezi Agosti ndege kadhaa ziliishia kukimbilia Uzbekistan na marubani wake. Nchi hiyohiyo iliwahi kununuliwa ndege za mizigo 20 za Italia kwa mpango wa dola milioni 549. Vipuri vikakosekana, na 16 zikauzwa kama vyuma chakavu kwa kama dola 32,000. Zote pamoja.

Ruhusa. Ndege ya Brazil ina vipande vya Marekani ndani yake, kwa hiyo Washington ina kauli. Mwaka 2006 ilizuia Venezuela isiuziwe. Nigeria nayo ilizungushwa miaka kadhaa. Mkataba ulifungwa mwaka 2018, lakini ndege sita za kwanza zilitua Kano Julai 2021, na iliripotiwa kwamba masharti yalizuia zisitumike popote nje ya vita vya kaskazini mashariki, hadi majambazi wa kaskazini magharibi walipotangazwa magaidi na mahakama mwishoni mwa 2021. Anayeihitaji ndege mwaka huu hataipata mwaka huu. Na akiipata, aulize ameruhusiwa kuirusha wapi.

Hongo. Oktoba 2016 kiwanda cha Brazil kilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 205 kumaliza kesi Marekani, baada ya kukiri kuwapa maafisa fedha ili kupata mikataba, ukiwemo huo wa Jamhuri ya Dominika na mwingine wa ndege za abiria Msumbiji. Fedha ya hongo haitoki mfukoni mwa muuzaji. Inaongezwa kwenye bei, na wewe ndiye unayeilipa.

Kisha kuna bili ambayo hakuna fedha inayoilipa. Tarehe 17 Januari 2017 ndege ya Jeshi la Anga la Nigeria iliipiga kambi ya wakimbizi wa ndani ya Rann, Borno, watu wakisubiri chakula. Médecins Sans Frontières, waliokuwa hapo, walikadiria waliokufa kuwa kama 90, wengi wao wanawake na watoto, na hesabu nyingine zilipanda zaidi. Uchunguzi wa jeshi ukasema eneo halikuwa limewekewa alama ipasavyo. Ramani za sasa, redio zinazosikilizana na mashirika ya misaada, mtazamaji aliyefunzwa anayekaa kiti cha nyuma: hivi ndivyo vitu vya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Kata mabomu kabla ya kuvikata. Kata idadi ya ndege.

Ningenunua nini

Kwa nchi yenye chini ya dola milioni 100 na isiyo na kikosi cha ndege za mapigano: ndege nne hadi sita za aina ya abiria, kamera bora kuliko inayopendekezwa na muuzaji, makombora machache, na mafundi wetu wenyewe. Zikishafanya kazi miaka miwili, ndipo tuzungumze silaha nzito.

Kwa nchi yenye fedha za milioni 300 na zaidi, na vita visivyoonekana kuisha: ndege ya Brazil, sita au zaidi. Ya shambani ningeichukua tu kama bei yake yote, na kila kitu ndani, iko chini ya nusu ya hiyo. Sijaona zabuni iliyofika hapo.

Kabla ya kusaini, mbunge adai bei mbili zilizoandikwa: ya ndege tupu, na ya miaka kumi ya kuruka saa 300 kwa mwaka kwa kila ndege, na mafuta, vipuri, mafundi na silaha ndani yake. Muuzaji akikataa kuiandika ya pili, apite anayefuata. Malipo ya awali yasizidi yale yanayorudishwa kwa dhamana ya benki. Na sehemu ya mwisho ya fedha ilipwe siku fundi wa nchini, bila mgeni kando yake, atakapoishusha injini, kuikagua na kuirudisha, na ndege ikaruka.